Nilidhani i7 ni i7, binti yangu akalipia

Kuna makosa ambayo mzazi huyafanya mbele ya watoto wakacheka pamoja, yakaisha. Kuna na mengine ambayo huyameza kimya, akitumai yatajifia huko huko tumboni. Hili ninalokusimulia leo ni la aina ya pili. Nililibeba kwa zaidi ya miaka miwili, na huenda ningelibeba hadi kaburini lau lisingalitafuna kazi ya binti yangu.

Mimi ni karani wa hesabu hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuhesabu pesa za watu wengine, na kwa miaka ishirini na mitatu sijapoteza hata ndururu. Kwa hivyo, mwaka wa 2023 kifungua mimba wangu alipomaliza stashahada yake ya kuchora vibonzo kwa kompyuta na kuniomba mashine ya kufanyia kazi, sikuona haja ya kumwuliza mtu. Nilijiambia kwamba anayejua hesabu hapunjiki.

Jumamosi moja asubuhi nilishuka katikati ya jiji nikaingia katika duka moja la kompyuta za mitumba. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, mwenye ulimi uliopakwa asali. Aliniketisha, akaniletea soda, kisha akaipapasa mashine moja nyeusi kana kwamba ni ng'ombe wa maziwa.

"Mzee, hii ni Core i7," akasema. "i5 ni ya wanafunzi. i3 ni ya makarani."

Hilo la makarani lilinichoma, msomaji. Nilitoa shilingi 38,000 papo hapo bila hata kuomba nipunguziwe.

Nyumbani, binti yangu aliinama akakitazama kile kibandiko kidogo cha buluu, kisha akauliza kwa adabu, "Baba, ni i7 ya ngapi?"

"i7 ni i7!" nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa. Hakuongeza neno. Alichukua kitambaa akaifuta vumbi, akanishukuru kwa mikono miwili.

Jina bila nambari

Swali lile la binti yangu ndilo swali la kwanza ambalo mnunuzi yeyote wa kompyuta anapaswa kuuliza. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, kile kipande kidogo cha mraba kinachoketi katikati ya ubao mama. Jina "i7" ni kama cheo cha askari. Kinakuambia amesimama wapi katika kikosi chake, lakini hakikuambii ni kikosi cha mwaka gani. Hilo husemwa na nambari inayofuata.

Yangu ilikuwa i7-4790. Tarakimu ya 4 inayotangulia ina maana ya kizazi cha nne, na prosesa hiyo ilitoka kiwandani mwaka wa 2014. Ina viini vinne na nyuzi nane za kazi. Mwaka wa 2022 kampuni hiyo hiyo ya Intel ilitoa i3-12100, ambayo nayo ina viini vinne na nyuzi nane, na i3 hiyo huiacha i7 yangu mbali katika karibu kila kazi. Naam, ile "ya makarani" ingemfaa binti yangu kuliko fahari niliyomletea. Isitoshe, i7 ya kizazi cha nne haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Haya yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba kila usiku nilipoamka kunywa maji nilimkuta binti yangu sebuleni, ameegemeza shavu mkononi, akiitazama mashine ikikoroma.

Usiku wa saa tisa

Mwezi wa Mei mwaka wa 2025 alipata kazi yake ya kwanza kubwa. Mteja alitaka tangazo la vibonzo la sekunde 30. Huenda ukadhani sekunde 30 ni kitu kidogo. Hebu tupige hesabu. Kila sekunde ya vibonzo vyake ina picha 24, kwa hivyo sekunde 30 ni picha 720. Mashine yetu ilichukua kama dakika tatu kwa kila picha ili kuitia rangi, mwanga na vivuli, kazi ambayo wenyewe huiita kurenda. Dakika tatu mara 720 ni dakika 2,160, yaani saa 36 mfululizo bila kupumua.

Alianza Jumanne jioni, na mteja alitaka kazi yake Alhamisi saa nne asubuhi. Usiku wa kuamkia Alhamisi, mwendo wa saa tisa, zikiwa zimesalia saa chache tu, stima ikapotea mtaa mzima. Kwa kuwa alikuwa ameiagiza mashine imwage picha zote katika faili moja ya video, faili ile iliharibika na kazi yote ikaenda nayo. Siku hizi huhifadhi picha moja moja, ili stima ikipotea ziokoke zilizokwisha kurendwa. Lakini funzo hilo lilikuja baada ya mteja kusema asante, ametafuta mwingine.

Juma lililofuata nilimwona akipiga pasi blauzi nyeupe. Alikuwa akienda kuomba kazi ya kupokea pesa katika supamaketi. Si kazi ya aibu, msomaji. Lakini nilijua kilichompeleka huko si kupenda. Ni ile ng'ombe wangu nyeusi.

Pesa za paa

Mwezi wa Agosti zamu ya mke wangu katika chama chao cha akina mama ilifika, akapokea shilingi 220,000. Pesa hizo zilikuwa na kazi tangu zamani. Zilikuwa za kuezeka upya nyumba ya mamake kule Kitui, ambayo mvua ikinyesha hutegwa ndoo sebuleni. Jioni hiyo mke wangu aliziweka mezani akasema, "Baba watoto, paa limevuja miaka mitano. Linaweza kungoja miezi sita. Huyu mtoto hawezi kungoja. Ila safari hii, tafadhali, tuulize kwanza."

Hakujua ni kiasi gani maneno hayo yaliniingia.

Basi tukamwita mwana wa jirani, kijana anayetengeneza kompyuta. Aliifungua mashine, akacheka kidogo, akauliza, "Hii nayo nani aliinunua?" Mimi nilitazama dari. Binti yangu akawahi kujibu, "Ilikuwa bei nzuri wakati huo." Alinisitiri mbele ya mgeni na mbele ya mamake. Afadhali angenitukana.

Kijana yule hakutuuzia kitu. Alitupa daftari. "Mzee wangu," akasema, "msinunue kitu kwa wiki moja. Kila mtu anayetumia mashine hii aandike alipongoja, alingoja muda gani, na mashine ilikuwa ikisumbuliwa na nini." Akatuonyesha kidirisha kiitwacho Task Manager, ambacho huonyesha prosesa, memori na kadi ya michoro vinatumika kwa asilimia ngapi. Hiyo ilikuwa lugha yangu. Nilipiga mistari ya daftari kwa rula.

Wapishi na kabati

Katika wiki hiyo kitindamimba wangu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka wa 2024, naye aliingia ulingoni. Yeye ni mtu wa michezo ya kompyuta, kandanda na mbio za magari, na alikuwa amekwisha chagua prosesa yake moyoni. Dadake alikuwa na yake. Chakula cha jioni kikageuka bunge.

Fundi wetu alitueleza tofauti kwa mfano ambao hata mke wangu, asiyegusa kompyuta, hakuusahau. Viini vya prosesa, alisema, ni wapishi. Kama kazi ni kumenya viazi vya harusi, wapishi kumi na sita watamaliza upesi kuliko wanne, maana kila mmoja huchukua debe lake. Kurenda picha ni kazi ya aina hiyo, kwa kuwa picha hukatwa vipande, kila kiini kikashughulikia chake. Mchezo wa kompyuta ni tofauti. Huo ni kama mchuzi mmoja unaokorogwa na mpishi mkuu, hatua kwa hatua. Ukimletea wapishi ishirini, wengi watasimama tu mlangoni. Kinachomsaidia mpishi mkuu ni wepesi wa mkono wake na viungo kuwa karibu. Kabati la viungo lililo kando ya jiko ndilo huitwa kache. Memori ya kawaida ni duka la mtaani, ambako akikosa chumvi lazima mtu atumwe.

Ukishika mfano huo, majina ya prosesa kubwa hayakutishi tena.

Mwanangu alitaka Ryzen 7 9800X3D, ambayo kampuni ya AMD iliitoa Novemba 2024. Ina viini vinane tu, lakini kabati lake ni megabaiti 96, ilhali ndugu yake wa kawaida mwenye viini vinane, 9700X, ana 32. Herufi X3D ndizo zinazotangaza kabati hilo la ziada. Kwa michezo ilisifiwa sana na wapimaji ilipotoka.

Binti yangu alitaka Ryzen 9 9950X ya Agosti 2024, yenye viini 16 na nyuzi 32. Kabati lake la megabaiti 64 si dogo, ila limegawanywa kwa makundi mawili ya viini vinane vinane.

Kisha kuna ile inayotaka kuwapendeza wote, 9950X3D ya Machi 2025. Ina viini 16 na kabati la jumla ya megabaiti 128. Lakini jihadhari. Kabati la ziada limewekwa upande wa kundi moja tu la wapishi wanane. Programu za mashine hulazimika kuupeleka mchezo kwa kundi hilo. Kwa kawaida zinafaulu, lakini ni jambo la kulijua kabla ya kulipia.

Kwa upande wa Intel kulikuwa na Core Ultra 9 285K ya Oktoba 2024. Hiyo ina viini 24, vinane vikubwa na 16 vidogo. Ni hodari kwa kazi za kurenda, na ina mtambo wa ndani unaosaidia sana kusoma video za kamera. Anayehariri video za harusi kutwa nzima asiipuuze. Michezoni, hata hivyo, wapimaji wengi waliona kwamba ilipotoka haikuizidi kaka yake, Core i9-14900K ya mwaka wa 2023.

Na kuhusu huyo kaka, neno moja, kwa sababu atauzwa sana mitumba. Baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikumbwa na tatizo la kupokea umeme wa nguvu kupita kiasi, zikawa zinazima programu ovyo. Mwaka wa 2024 kampuni yenyewe ilikiri, ikatoa masasisho ya kulizuia na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Masasisho huzuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Ukiuziwa moja iliyotumika, uliza imefanya kazi wapi na kama ubao wake ulisasishwa. Muuzaji akikosa jibu, aga uende zako.

Daftari lanena

Jumapili tuliketi wote mezani nikafungua daftari. Kwa siku saba binti yangu alikuwa amengoja saa 41. Katika saa 33 kati ya hizo, viini vyote vinne vilikuwa vimefika asilimia 100. Saa tano zilipotea kwa sababu memori ilijaa. Zilizobaki ni za kufungua na kuhifadhi mafaili.

Nilimwuliza fundi kama kadi ya michoro isingeweza kufanya kazi hiyo ya kurenda badala ya prosesa. Alisema swali ni zuri, na kwamba kwa wachoraji wengi hilo ndilo jibu. Programu kama Blender, anayotumia binti yangu, hurenda kwa kadi, mara nyingi upesi kuliko kwa prosesa. Lakini yafaa picha yote ienee katika memori ya kadi. Yetu ni ya mtumba, yenye gigabaiti 6. Vichekesho vidogo vya sebuleni vinaenea. Binti yangu lakini huchora soko zima, na miembe yenye kila jani lake, na picha za namna hiyo zilikuwa zikiishinda kadi na kurudishiwa prosesa. Kadi yenye memori ya kutosha ingetuacha na mashine ile ile ya 2014. Tukaelewana kuanza na ubongo, kadi ifuate siku nyingine.

Mwanangu naye alifungua ukurasa wake. Fundi alikuwa amempa mtihani mmoja, na nakuomba uushike kwa sababu hauna gharama. Cheza mchezo wako uone unapata picha ngapi kwa sekunde. Kisha punguza ukubwa na urembo wa picha, ucheze tena. Idadi ikipanda sana, kinachokuzuia ni kadi ya michoro. Ikikaa pale pale, kinachokuzuia ni prosesa.

Kijana alikuwa ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya, kwamba katika mchezo wake wa magari alipata picha 47 kwa sekunde, na alipopunguza urembo zikawa 71. Halafu chini yake: "Skrini yetu huonyesha 60 tu."

Tulinyamaza. Mwishowe akasema, "Kadi ndiyo inayonizuia. Hata mkininunulia X3D, hapa sitaona tofauti. Hiyo ni ya mtu mwenye kadi kubwa na skrini ya kasi." Akamgeukia dadake. "Chukua viini vyako. Mimi nipe Jumamosi jioni."

Nimekuwa mzazi kwa miaka mingi, lakini sikumbuki siku niliyojivunia mtoto kama hiyo. Hakuna aliyemlazimisha. Alipima, akaona, akasema ukweli dhidi ya tamaa yake mwenyewe.

Nami nikaona sina njia. Kama mtoto ameweza, sembuse mimi? Nikawaambia. Niliwaambia habari za yule muuzaji, soda, neno "makarani", na jinsi nilivyomkemea binti yangu kwa kuuliza swali la haki. Nikasema kazi ile ya Mei haikupotezwa na stima peke yake. Mke wangu aliniangalia muda mrefu. Binti yangu akasema polepole, "Nilijua tangu siku ile, Baba. Niliiona nambari. Nilikuwa nangoja uniulize."

Bei ya tofauti

Tulienda kununua sote wanne pamoja na fundi, na safari hii hakuna aliyekunywa soda. Dukani 9950X3D ilizidi 9950X kwa shilingi 21,000. Mwanangu alisitasita kidogo mbele ya kioo, nikaona. Lakini daftari lilikuwa limekwisha kusema kwamba nyumbani mwetu kabati lile la ziada lisingefanya kazi, na betri ya akiba ya kushikilia mashine stima inapopotea iliuzwa shilingi 22,000. Tulichukua 9950X na betri.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Prosesa shilingi 86,000. Ubao mama 32,000. Memori ya gigabaiti 64, 28,000. Feni kubwa ya kuipooza prosesa 12,000. Kifaa cha kugawa umeme 15,000. Kasha pamoja na diski 20,000. Betri ya akiba 22,000. Jumla 215,000. Kadi ya zamani tuliihamisha. Zilizosalia 5,000 mke wangu alizirudisha mkobani bila kuzungumza na mtu.

Tazama, msomaji, prosesa ilichukua pungufu ya nusu ya pesa zote. Wengi hununua prosesa ya kifalme kisha wakaiketisha katika nyumba ya makuti. 9950X haiji na feni ndani ya sanduku lake, na kiwanda huitaja kuwa ya wati 170, lakini viini vyote vikikamuliwa inaweza kuvuta zaidi ya hizo. Ukiinunulia feni dhaifu itapata joto na kupunguza mwendo yenyewe, nawe utakuwa umelipia mbio usizozipata. Kwetu fundi aliingia katika mipangilio ya ubao akaiwekea kikomo cha chini cha umeme. Inapoteza kasi kidogo, lakini tokeni za stima hazikimbii kama zamani na chumba hakigeuki tanuri.

Jambo jingine lililotuvuta ni tundu lenyewe inamoketi prosesa, liitwalo AM5. Lilianza mwaka wa 2022, na mwaka wa 2024 AMD iliahidi kuendelea kulitengenezea prosesa hadi 2027 na baadaye. Ina maana kwamba siku moja tunaweza kubadilisha ubongo bila kubomoa nyumba. Mashine yangu ya kwanza haikuwa na matumaini hayo.

Nawe ukienda dukani, soma jina lote hadi herufi ya mwisho. Kwa Intel, herufi F ina maana kwamba haina michoro ya ndani, hivyo bila kadi hutaona kitu kwenye skrini. K ina maana kwamba waweza kuiongezea kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani. Kama ni mashine iliyotumika, iwashwe mbele yako, fungua Task Manager ulione jina kamili kwa macho yako, na risiti iandikwe jina hilo hilo. "Core i7" peke yake kwenye risiti si jina.

Na kama kazi yako ni barua, masomo na filamu za jioni, usimwige binti yangu. Prosesa ya viini sita ya miaka ya karibuni itakutosha, na pesa nyingine zitalipa karo.

Mabati kumi na mawili

Mashine mpya iliporendwa nayo lile tangazo la zamani kwa majaribio, picha zote 720 zilikwisha kwa muda wa saa nne na dakika chache. Binti yangu hakushangilia. Aliketi tu akaitazama, kisha akaenda kulala saa tano usiku kama watu wengine. Blauzi nyeupe imerudi kabatini.

Sitakudanganya kwamba sasa ni tajiri. Kuna mwezi anapata kazi tatu, kuna mwezi hapati hata moja. Prosesa haitafuti wateja. Lakini tangu Septemba hajachelewesha kazi ya mtu, na stima imepotea mara nyingi tu.

Mwezi wa Desemba tulipokwenda Kitui, gari lilikuwa na mabati kumi na mawili juu, aliyoyanunua kwa pesa zake. Hayakutosha paa zima. Yalifunika upande wa sebuleni, ambako ndoo zilikuwa zikitegwa. Mengine tutayapeleka, mimi na yeye, kwa kuwa nimejitwika nusu ya deni hilo. Ni haki yangu kulilipa.

Kabla ya kupanda ngazi, fundi wa mabati kule kijijini aliniambia, "Mzee, haya ni geji thelathini, ni mazuri sana."

Binti yangu alinitazama. Nami nikaweka mkono kiunoni nikamwuliza yule fundi, "Geji thelathini ya kampuni gani, na imeandikwa wapi?"